SOMO LA ROBO HII: Jinsi Video ya Muziki Inavyotengenezwa na Inavyochambuliwa



Katika vikao vilivyopitia orodha ya wanafunzi wanaosomeshwa na mfuko wetu wa elimu, swali moja limeulizwa zaidi ya mara moja. Yupo kijana anayesoma stashahada ya habari na utangazaji, na muhula huu somo lake kubwa ni video za muziki. Wenzake wanasomea uuguzi, ualimu na ufundi wa pampu za maji, na faida ya masomo hayo haihitaji maelezo. Je, ni sawa ada inayotokana na michango ya waumini na wafadhili imfundishe mtu mambo ya nyimbo za kwenye televisheni?

Swali hilo ni la haki. Tumekaa na mwanafunzi huyo, tukapitia madaftari na kazi zake za darasani, na kwa ruhusa yake tumeandaa somo hili. Ipo pia sababu ya pili. Katika robo ijayo kamati zenu zitaamua ni picha gani ziingie katika video ya wimbo wa kwaya kuhusu mradi wa maji, ambayo itatumwa kwa wafadhili walio mbali. Uamuzi huo si mdogo, kwa sababu watakaoonekana katika picha hizo ni majirani zetu. Tunawasihi msome somo hili kabla ya kikao.

1. VIDEO YA MUZIKI NI NINI?

Video ya muziki ni filamu fupi iliyotengenezwa ili iambatane na wimbo ambao tayari umekwisha kurekodiwa. Katika filamu za kawaida muziki huja kusaidia picha. Hapa wimbo ndio hutangulia, na picha hufuata.

Aina hii ya kazi ilikuwepo kabla ya jina lake kujulikana sana. Mwaka 1975 kundi la Queen la Uingereza lilitengeneza filamu fupi ya wimbo wake "Bohemian Rhapsody", na wengi huihesabu kuwa miongoni mwa kazi zilizofungua njia. Tarehe 1 Agosti 1981 kituo cha MTV kilianza kurusha matangazo huko Marekani, na kuanzia hapo kampuni za kurekodi zikaona kwamba wimbo usio na picha utabaki nyuma. Mwaka 1983 ilitoka "Thriller" ya Michael Jackson, iliyoongozwa na John Landis. Ina urefu wa karibu dakika 14, na mwaka 2009 ikawa video ya kwanza ya muziki kuingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa nchini Marekani.

Kwetu historia ilikwenda kwa mwendo wake. Zanzibar ilikuwa na televisheni katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Baada ya hapo kwaya nazo zikatoka kwenye kaseti za sauti peke yake, zikaingia kwenye mikanda ya video, kisha VCD na DVD, na sasa simu za mkononi. Leo kwaya ya kigango inaweza kuwa na video kabla ya kuwa na kinanda. Ndiyo maana tunasema jambo hili limekwisha kuingia katika maisha ya parokia, tupende tusipende.

2. INAVYOTENGENEZWA

Mwanafunzi wetu anafundishwa kuigawa kazi katika hatua tatu.

(a) Maandalizi. Kwanza wimbo husikilizwa mara nyingi, na kila mstari huandikwa pamoja na sekunde unapoanza na unapoishia. Kisha mwongozaji huandika wazo la video kwa ukurasa mmoja, na huchora matukio moja baada ya jingine katika vijisanduku, hata kwa penseli tu. Hapo ndipo bajeti hupangwa: siku ngapi, usafiri, chakula, sare, kukodi kamera na taa. Hapo pia ndipo ruhusa huombwa, kwa mtunzi wa wimbo, kwa mwenye eneo, na kwa kila mtu atakayeonekana. Nchini Tanzania kazi ya mtunzi inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na taarifa za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya nayo ina sheria yake ya kulinda data ya mwaka 2019.

(b) Upigaji picha. Wengi wetu tumewaona wanakwaya wakiimba bustanini mbele ya kipaza sauti ambacho hakina hata waya. Hakuna miujiza. Siku ya kupiga picha, wimbo uliorekodiwa studio hupigwa kwa spika kubwa, na waimbaji huufuata kwa midomo. Wimbo uleule hurudiwa mara nyingi, safari hii kamera ikiwa mbali ili ichukue kwaya nzima, safari nyingine ikiwa karibu na uso wa mwimbaji mmoja, nyingine ikifuata mikono ya mpiga kinanda. Sauti ya siku hiyo haitumiki katika kazi ya mwisho. Humsaidia tu mhariri kuzilinganisha picha zote na wimbo.

Mahali kamera inaposimama pana maana. Kamera iliyo chini ikitazama juu humfanya mtu aonekane mkubwa na mwenye mamlaka. Iliyo juu ikitazama chini humfanya aonekane mdogo na dhaifu. Mwanga nao una maana. Jua la saa sita mchana huweka vivuli machoni, na ndiyo sababu wapiga picha wazoefu hupenda asubuhi na jioni.

Ipo pia hesabu. Kwa mfumo wa video uliozoeleka kwetu, sekunde moja hubeba picha 25, hivyo wimbo wa dakika 4 una picha 6,000. Mtu akitaka mwendo wa polepole huku midomo ikiendelea kulingana na maneno, hupiga picha 50 kwa sekunde na kuupiga wimbo kwa kasi maradufu wakati wa kurekodi. Waimbaji huimba haraka haraka kama wanaokimbizwa. Picha hizo zikirudishwa kwenye mwendo wa 25, mwili unaonekana kuelea na maneno yanakaa mahali pake.

(c) Uhariri. Mhariri hupanga vipande juu ya wimbo. Wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika una pigo moja kila baada ya picha 15, na mhariri anaweza kukata pale pale pigo linapoanguka. Mwaka 2002 Michel Gondry alitengeneza video ya "Star Guitar" ya kundi la Chemical Brothers ambayo inaonekana kama dirisha la treni tu, katika safari ya kusini mwa Ufaransa. Ukiitazama kwa makini unagundua kwamba nguzo, majengo na madaraja hupita dirishani sawasawa na mapigo na sauti za muziki.

Kwa kamati zinazopokea makadirio ya gharama, tunaongeza jambo moja. Fedha nyingi hazileti wazo. Mwaka 2006 kundi la OK Go la Marekani lilitengeneza video ya watu 4 wakicheza juu ya mashine 8 za kukimbilia, kamera ikiwa imesimama mahali pamoja bila kukatwa. Ilifanyiwa mazoezi mengi, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Grammy. Mwaka 1990 video ya Sinéad O'Connor iliyojulikana dunia nzima, iliyoongozwa na John Maybury, kwa sehemu kubwa ilikuwa uso wake tu, karibu kabisa na kamera. Kwaya isiyo na uwezo wa kukodi magari ya kifahari haijakosa video nzuri.

3. INAVYOCHAMBULIWA

Sehemu hii ndiyo inayompa mwanafunzi kazi kubwa zaidi. Kutengeneza bila kuchambua ni kama kupika bila kuonja. Njia anayofundishwa ni rahisi, na kamati yoyote inaweza kuijaribu.

Kwanza, sikiliza wimbo ukiwa umefumba macho. Pili, tazama video ukiwa umezima sauti. Tatu, tazama na kusikiliza pamoja, na ujaze jedwali lenye safu tano: namba ya kipande, sekunde zake, nani au nini kinaonekana, kamera iko karibu au mbali, na maneno gani yanaimbwa wakati huo. Kazi hii huchosha, lakini mtu akiimaliza haoni tena video kama alivyoiona mwanzo.

Baada ya jedwali huja maswali. Mwandishi Andrew Goodwin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu televisheni ya muziki, alieleza kwamba picha inaweza kuhusiana na maneno ya wimbo kwa njia tatu.

- Picha inaonyesha kile kinachosemwa. Wimbo unataja mto, nasi tunaona mto.
- Picha inaongeza jambo ambalo maneno hayakulisema. Wimbo unashukuru kwa ujumla, picha inamwonyesha mama akihesabu sarafu za nauli ya mwanawe anayerudi shule.
- Picha inapingana na maneno. Wimbo unasema tumefika salama, picha inaonyesha nyumba iliyofungwa kufuli.

Video nyingi za kwaya zetu hukaa katika njia ya kwanza tu. Si kosa, lakini zikitajwa mbingu tunaonyeshwa mawingu, na yakitajwa maua tunaonyeshwa maua, na mtazamaji hapati zaidi ya alichokisikia.

Mwalimu mwingine anayesomwa ni Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaica aliyefanya kazi Uingereza. Mwaka 1973 alieleza kwamba ujumbe haumfikii kila mtu kwa namna moja. Mtazamaji mmoja huupokea kama mtengenezaji alivyokusudia, mwingine huukubali kwa masharti, na wa tatu huukataa kabisa. Kwa hiyo haitoshi kuuliza, "Tulitaka kusema nini?" Inabidi tuulize pia, "Nani anatazama, na amekaa wapi?"

4. MFANO WA KUCHAMBUA: NYIMBO ZA MISAADA

Kwa kazi yake ya muhula, mwanafunzi wetu alichagua video zinazotugusa sisi moja kwa moja, yaani nyimbo zilizotengenezwa kuchangisha fedha kwa ajili ya Afrika.

Mwishoni mwa mwaka 1984, baada ya televisheni ya BBC kuonyesha njaa ya Ethiopia, Bob Geldof na Midge Ure waliandika wimbo na kuwakusanya wanamuziki maarufu jijini London kwa jina la Band Aid. Mwezi Januari 1985 wenzao wa Marekani walirekodi "We Are the World", iliyoandikwa na Michael Jackson na Lionel Richie. Nyimbo hizo zilikusanya mamilioni ya fedha, na njaa ile ilikuwa ya kweli. Mwanafunzi alianza kwa kulisema hilo, nasi tunalirudia ili pasiwe na anayedhani tunadharau mkono uliotoa.

Kisha akajaza jedwali. Katika video zote mbili karibu kila kipande kinaonyesha waimbaji ndani ya studio wakiwa na vifaa vya kusikilizia masikioni. Wanaotajwa katika wimbo ni wenye njaa. Wanaoonekana, wenye majina, wenye sura na sauti, ni wanaosaidia. Mwenye shida hana mstari wa kuimba.

Mwaka 2014, wakati wa ugonjwa wa Ebola Afrika Magharibi, wimbo wa Band Aid ulirekodiwa upya. Safari hii mgonjwa alionyeshwa. Video ilianza na mwanamke aliyedhoofika kabisa akibebwa kutoka nyumbani na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, kisha picha zikahamia kwa wanamuziki wakiwasili studio. Huo ni mkato mmoja tu wa mhariri, lakini ulizua malalamiko mengi. Mwanamuziki Fuse ODG, mwenye asili ya Ghana, aliyealikwa kushiriki, alikataa kwa sababu hakuridhika na namna Afrika ilivyokuwa ikionyeshwa. Mwanafunzi aliandika pembeni ya jedwali lake swali moja: "Nani alimwomba ruhusa mama huyu?"

Video ya tatu aliyoichambua ilitoka mwezi Novemba 2012. Shirika la wanafunzi na wasomi wa Norway liitwalo SAIH lilishirikiana na vijana wa Afrika Kusini kutengeneza wimbo wa mzaha uitwao "Africa for Norway". Ndani yake Waafrika wamesimama studio, vifaa masikioni, wakiimba kwa huruma juu ya watoto wa Norway wanaoteseka kwa baridi, huku wakikusanya hita za kupasha nyumba joto ili wawapelekee. Ilitazamwa na zaidi ya watu milioni moja. Tunacheka kwa sababu tunazifahamu zile za kwanza. Kila kitu kimeazimwa kutoka kwao, ila pande zimebadilishana. Tukiisha kucheka tunabaki na swali: ikiwa Norway yote haiwezi kuelezwa kwa picha ya theluji, kwa nini Afrika yote ielezwe kwa picha ya mtoto mwenye njaa? SAIH waliendelea na kazi hiyo kwa kutoa tuzo kwa matangazo ya misaada, nzuri na mbaya, kuanzia mwaka 2013 hadi 2017.

5. LINATUHUSUJE SISI?

Sasa turudi kwenye mradi wetu wa maji. Wimbo wa kwaya umekwisha kurekodiwa. Una dakika 4, na umetaja kiu, safari ndefu na shukrani. Mapendekezo mawili ya picha yapo mezani.

Pendekezo la kwanza linataka tuanze na mtoto aliyechoka, dumu la maji machafu kichwani, kamera ikimtazama kutoka juu, mwendo wa polepole, kinanda chini chini. Wanaoliunga mkono wana hoja ambayo hatuwezi kuipuuza: mfadhili aliye mbali hatoi asipoiona shida, na mradi ukikosa fedha, mtoto yule ataendelea kubeba dumu.

Pendekezo la pili limetolewa na mwanafunzi wetu. Tuanze na pampu iliyokufa, mpini wake umepata kutu. Kisha tuonyeshe njia yenyewe ya kwenda mtoni, kipande kirefu bila kukatwa, ili mtazamaji auhisi umbali. Kisha kamera ikae usawa wa macho na mama mtunza hazina wa kamati ya maji, ajitaje jina ikiwa ameridhia, aseme kwa maneno yake walichokwisha kuchanga na kilichopungua. Kisha mikono ya fundi pampu na spana yake. Watoto wawepo, kwa kuwa ni wengi na ni wetu, lakini kwa ruhusa ya wazazi, na wasiwe wa kulia kwa ajili ya kamera.

Pendekezo hili halifichi shida. Linaionyesha, ila linamwachia mwenye shida aieleze mwenyewe. Sisi tunaliona kuwa bora, lakini uamuzi ni wa kamati. Mwanafunzi alipoulizwa tuzipimeje picha, alitoa kipimo ambacho tunadhani kinatosha: video hiyo tuioneshe kwanza kijijini, jioni, watu wote wakiwepo, na yule mama na yule mtoto wakiwa wamekaa benchi la mbele. Picha ambayo tungeona haya kuwaonyesha wao, tusimpelekee mfadhili.

Kumbukeni pia kwamba video haifi. Mtoto wa miaka saba anayepigwa picha leo atakuwa na miaka ishirini na kitu, anatafuta kazi au mchumba, na picha yake bado itakuwa inazunguka katika simu za watu. Yeye naye ni mtazamaji wa kesho.

Basi swali la ada tunalijibu hivi. Fundi wa kamera tunaweza kumkodi kwa siku moja. Mtu anayejua kamera na ambaye pia amefundishwa kuuliza kila picha imechaguliwa na nani, kwa sababu gani na kwa faida ya nani, huyo hakodishwi kwa urahisi. Parokia zetu zinamhitaji, kwa kwaya, kwa taarifa za miradi, na kwa kuwafundisha vijana wetu wanaotazama video usiku kucha bila kuwa na wa kuwaongoza.

6. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKAO

(1) Chagueni video moja ya kwaya inayopendwa parokiani kwenu. Itazameni bila sauti. Mmegundua nini ambacho hamkukiona mwanzo?

(2) Katika video hiyo, picha zinaonyesha tu maneno ya wimbo, zinaongeza, au zinapingana nayo? Toeni mfano mmoja wa kila aina mtakayoipata.

(3) Nani anaonekana karibu na kamera na nani anaonekana kwa mbali? Wanawake na wasichana wamepigwa picha kwa namna ambayo wao wenyewe wangeipenda?

(4) Kwa video ya mradi wa maji, mnachagua pendekezo lipi, na kwa sababu gani? Kama mna pendekezo la tatu, liandikeni kwa ukurasa mmoja.

(5) Ruhusa ya wazazi itaombwaje, na nani katika kamati atatunza fomu zake?

(6) Kwa wafadhili wetu: mnapopokea video kutoka kwetu, ni picha gani huwasaidia kuielewa kazi, na ni zipi zinazowasumbua? Tunaomba mtujibu bila kuona haya.

Tunaomba majibu ya kamati yaletwe pamoja na taarifa ya robo mwaka, ili upigaji picha uanze baada ya kila parokia kusema neno lake.